Fungu Dogo Ndilo Kipimo

Poka ni mchezo uliokulia karibu na migodi. Ulitoka New Orleans ukapanda mto Mississippi kwa meli za mvuke, na dhahabu ya California ilipowavuta watu mwaka 1849, ukawafuata hadi kambini. Mwaka 1876, huko Deadwood, mji ulioibuka ghafla kwa ajili ya dhahabu, Wild Bill Hickok alipigwa risasi akiwa katikati ya mchezo wa poka. Sisi wa Pinga, hapa Kivu Kaskazini nchini Kongo, Masisi inapopakana na Walikale, hatuhitaji kuelezwa mji wa namna hiyo ukoje. Tunaijua Bisie, ambako kasiterite, madini ya bati, ilianza kuchimbwa mwaka 2002 na msitu ukajaa watu. Poka nilijifunza mbali na hapa, lakini Pinga ndiyo iliyonifanya niielewe.

Ninachokisifu ndani yake ni ufundi mmoja: kucheza kwa fedha taslimu na mtu mwenye fungu dogo anayeingia karibu kila mkono.

Katika Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Huwezi kushinda kwa mwenzako zaidi ya alicho nacho mezani. Tuseme dau la lazima ni faranga 1,000. Mimi nina 200,000, yeye ana 30,000. Baina yetu mchezo ni wa 30,000 tu, na 170,000 zangu zilizobaki ni pambo. Mwenye kidogo ndiye anayeamua ukubwa wa mchezo. Ufundi wote unaanza pale mwenye kingi anapolikubali jambo hilo.

Nimepewa tano mbili. Yeye anapandisha dau hadi 3,000. Jozi ndogo kama hii hutegemea kupata tano ya tatu katika zile karata tatu za kwanza, na hilo hutokea takriban mara 12 katika 100. Kwa mtu mwenye 200,000 ningefuata bila kusita, kwa kuwa siku moja njema ingelipa hasara za siku nyingi. Huyu amebakiwa na 27,000. Nikifuata nikakosa mara saba, 21,000 zimekwenda. Na mara ya nane nikipata, huenda yeye asiwe na karata ya kumfanya atoe zilizobaki. Basi natupa jozi yangu, wala siioni kuwa nzuri kuliko ilivyo.

Karata kubwa, kinyume chake, hupanda thamani. Nina ree na malkia, napandisha hadi 4,000, naye anafuata. Mezani zinatua ree, tisa na nne. Katikati pana 8,500, pamoja na nusu dau la lazima la aliyejitoa. Naweka 7,000, anafuata. Sasa pana 22,500 naye kabakiwa na 19,000. Karata inayofuata ni mbili, naweka dau la kummaliza. Anafuata kwa ree na sita, kwa sababu amezoea kuona ree na kuiamini. Dhidi ya mafungu makubwa jozi moja ni silaha ya kutumia kwa hadhari. Hapa inatosha kusimama nayo hadi mwisho.

Tena simzugi. Kumzuga mtu ni kumtia hofu ya kupoteza, na aliyekwisha kuamua kufuata hana hofu hiyo. Ninapokuwa na karata nzuri naweka dau, nisipokuwa nazo nanyamaza. Ni uchezaji mnyofu kabisa, na huo unyofu una uzuri wake.

Asidhani mtu kwamba mwenzangu ni mjinga. Mfikirie mchimbaji anayeingia shimoni akiwa amekwisha kula kwa mkopo wa tajiri wake: fedha yake imepangiwa matumizi kabla hajatoka. Kwake 30,000 haibadilishi kitu, bali 60,000 huenda ikabadilisha. Haraka yake ina hesabu ndani yake. Mchezaji bora huiheshimu hesabu hiyo, na kwa kuiheshimu ndipo anapojua mwenzake atafanya nini.

Hata ukiheshimu na kupima, utashindwa mara nyingi. Wafalme wawili dhidi ya ree na nane hushinda takriban mara 70 katika 100. Hizo 30 zilizobaki zinauma, na ndizo zinazomrudisha mezani mchezaji wa pupa. Kinachomvusha fundi ni akiba. Migodini tuliliona hilo: Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku ilidumu hadi Machi 2011. Mwenye akiba alingoja; aliyeishi kwa mauzo ya wiki hakuwa na nafasi ya kungoja, hata kama aliyajua madini kuliko wote. Mezani pia ujuzi usio na akiba hufa kabla haujalipa.

Kwa hiyo ufundi huu una sharti ambalo sioni namna ya kulitenganisha nao. Anayepima fungu la mwenzake lazima apime pia limetoka wapi. Ada ya mtoto ikiwekwa mezani, iwe yangu au yake, mkono huo hauchezwi, hata kama nimeshika ree mbili. Jicho lililofunzwa kuona 30,000 kama zilivyo haliwezi kujifanya halioni zinatoka kwenye mfuko gani. Mchezaji akifikia hapo ndipo namwita fundi, kwani kupima kwake kumemfundisha kuwaona watu.