Dhana na Yakini

Katika mji wa Musoma, kama ilivyo katika miji yetu mingi, kompyuta iliyoharibika hupelekwa kwa fundi, na fundi, kabla hata hajauliza ilikuwa ikifanya nini ilipokwama, aghalabu hutoa hukumu moja: ipigwe Windows upya. Sina nia ya kuwadharau mafundi hawa, maana mteja aliyesimama mbele ya meza hataki falsafa, ataka mashine yake kabla basi la Bunda halijaondoka. Walakini hukumu hiyo, hata ifaapo, haimfundishi mtu neno, kwa sababu hulifuta kosa pamoja na ushahidi wake wote. Mimi nimekusudia kuusifu ufundi ulio kinyume chake, yaani ule wa kuitazama programu inapokosea, na kuisikiliza, kabla ya kuigusa.

Vyombo vya ufundi huu ni vidogo mno. Mwaka 1996 Mark Russinovich, mzaliwa wa Salamanca, Hispania, na mwenzake Bryce Cogswell walianza kutoa bure programu zilizofunua yanayotendeka ndani ya Windows, mambo ambayo hata aliyeinunua kwa fedha zake hakuonyeshwa. Zikaja kujulikana kwa jina la Sysinternals, na mwaka 2006 Microsoft yenyewe ikainunua kampuni yao, zana zikabaki za bure. Process Explorer huonyesha ni programu gani imelishikilia faili lisilokubali kufutika. DebugView hunasa maneno ambayo mwandishi wa programu aliyaacha humo kwa manufaa yake mwenyewe. ProcDump huipiga picha kumbukumbu ya programu saa ile ile inapoanguka. Nguvu ya vyombo hivi ilibainika Oktoba 2005, Russinovich alipogundua ya kwamba diski za muziki za Sony BMG zilikuwa zikipandikiza kwa siri, katika kompyuta za wanunuzi, programu iliyojificha machoni pa Windows. Mwezi uliofuata diski hizo zikarejeshwa kutoka madukani.

Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, si mbali na Musoma, nami kila nipitapo huko hulikumbuka agizo la serikali yake la mwaka 1974 lililopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitia hesabu za Wizara ya Fedha katika mashine kwenda kombo. Wako wanaolicheka agizo hilo. Mimi silicheki, kwa kuwa serikali iliyokabidhi hesabu zake kwa kitu isichoweza kukihoji ilikuwa na haki ya kukiogopa. Leo chuo kikuu chenye jina lake pale Butiama kinaitwa cha Kilimo na Teknolojia, na kijana yeyote aweza kubeba katika flashi moja vyombo vya kuhojia ambavyo wizara nzima haikuwa navyo.

Tuseme, mathalan, katika kinu cha kuchambua pamba huko Bunda, msimu umepamba moto, malori yamepanga foleni, na programu ya mizani inapima sawasawa, lakini kila inapotakiwa kutoa stakabadhi inajifunga ghafla bila kutaja sababu. Mwenye kuiuza, aliyeko Dar es Salaam, ajibu kwa simu kwamba huku kwake inafanya kazi. Karani ailaumu printa, meneja avilaumu virusi, mlinzi aulaumu umeme. Kila mmoja ana dhana, wala hakuna mwenye yakini. Fundi mwenye saburi haingii katika mjadala huo. Huchomeka flashi, akaifungua Process Monitor, mojawapo ya zana hizo za Sysinternals, isiyohitaji hata kusimikwa, akamwomba karani abonyeze tena kitufe cha stakabadhi, na papo hapo mashine ikaanza kuandika kila faili lililofunguliwa, kila ufunguo wa rejista uliosomwa, saa yake kwa desimali saba za sekunde, na jibu lililotolewa. Mistari hiyo yaweza kufika malaki.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, maana kukusanya ni kazi ya mashine, kuchuja ni kazi ya mtu. Shahidi huyu hasemi uongo, lakini pia hajui kunyamaza. Fundi huziondoa programu zote isipokuwa ya mizani, lakini hakimbilii kila mstari uliosema faili halikupatikana, kwani hata programu nzima hutafuta mara kwa mara mafaili yasiyokuwapo, wala isidhurike. Huanzia mwisho, pale ilipojifunga, akarudi nyuma mstari kwa mstari hadi akutane na ombi lililokataliwa ambalo baada yake haikutenda tena jambo la maana. Naam: ilitaka kuandika faili la muda katika folda iliyokuwa kwenye diski D, na folda hiyo mtu mwenye bidii ya usafi ameifuta.

Folda huundwa upya kwa dakika moja, na malori yakaendelea. Lakini fundi mstahiki haondoki bado, kwa kuwa kosa la asili si la aliyefuta folda, bali la aliyeandika programu asiifundishe kusema inachokikosa. Huuhifadhi mstari ule na jirani zake katika faili dogo lisilomaliza bando la intaneti, akampelekea muuzaji. Na muuzaji, akiisha kuona saa, njia ya faili na jibu la Windows vyote vimeandikwa bayana, hana budi kuufungua msimbo wake.