Jicho la Mwokota Mawe ya Mwezi

Katika kijisanduku kisichozidi upana wa kidole gumba, juu ya pamba nyeupe, nimeweka kibanzi cha jiwe la kijivu ambacho mtu asiyearifiwa angeweza kukipuliza kwa pumzi moja akidhani ni takataka ya chokaa iliyodondoka kutoka darini. Wala nisingemlaumu, kwa kuwa hata mimi, kabla ya kukitia chini ya kioo cha kukuzia, sikuona ndani yake kitu cha kustahiki taadhima. Lakini chini ya kioo uso wake hufunguka. Katika unga wa kijivu ulioshikamana mna vipande vyeupe vyenye pembe kali, kimoja kama chenga ya mchele, kingine kama ukucha wa mtoto mchanga, na weupe huo ndio ule ule wa nyanda za juu za Mwezi unaotuangazia usiku wa kumi na nne. Kiliokotwa Sahara, kikakatwa kutoka katika jiwe kubwa zaidi, na hati iliyonifikia pamoja nacho hutaja jina la jiwe mama na namba yake. Nimekitazama mara nyingi, na kila mara fikira zangu hukiacha chenyewe zikamwendea mtu aliyeinama jangwani akakiokota, maana sanaa ya mtu huyo, kwa maoni yangu, husifiwa kidogo mno kuliko fedha zinazotajwa juu ya matunda yake.

Wazee wetu wa mwambao walikuwa wakituambia kwamba kimondo ni kijinga cha moto wanachorushiwa mashetani waendao kusikiliza kwa wizi habari za mbinguni, na sisi watoto tulijikunyata tukitazama mstari wa nuru ukizimika juu ya bahari. Elimu ya falaki hueleza kwamba mawe mengi yaangukayo hivyo hutoka katika ukanda wa vigimba vinavyozunguka baina ya Mirihi na Mshtarii. Lakini yako machache yenye nasaba ya heshima zaidi, yaliyokuwa sehemu ya ardhi ya Mwezi au ya Mirihi yenyewe, mpaka siku gimba jingine lilipoipiga ardhi hiyo kwa kishindo, na vipande vikaruka kwa kasi ipitayo kilomita 2.4 kwa nukta kutoka Mwezini, au 5 kutoka Mirihi, vikashinda mvuto wa nyumbani kwao, vikazurura katika uwazi mkuu, pengine miaka milioni nyingi, hata njia yao ikakutana na njia yetu. Katika vimondo zaidi ya 70,000 vilivyoandikishwa duniani, vya Mirihi ni kama 400 tu.

Sasa mtu afikiri maana ya kulitambua jiwe kama hilo mahali penye mawe. Mwanagenzi huanza na sumaku, kwa sababu vimondo vya kawaida vina chuma halisi ndani yake na sumaku huvirukia. Akipita jangwani na sumaku yake iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo atakusanya vingi, naye atafurahi. Lakini mawe ya Mwezi na ya Mirihi aghalabu hayana chuma hicho ila kidogo sana, na kwa hiyo mwanagenzi huyo, akifuata ushauri wa sumaku peke yake, atayatupa yaliyo azizi akabaki na yaliyo mengi. Tena sumaku ina madhara yake: jiwe la Mirihi liitwalo Black Beauty, la gramu 320, lililotoka Moroko mwaka 2011, lilikuwa limehifadhi madini ya zamani mno ambayo yangeweza kuwaeleza wataalamu habari za nguvu ya sumaku ya sayari ile katika ujana wake, na walipochunguza vipande vyake waligundua kwamba sumaku za wachuuzi na watafutaji zilikwisha kuifuta kumbukumbu hiyo. Kitabu kilichosafiri mbali namna ile kikafutwa ukurasa wake na mkono wa mtu aliyetaka tu kujua kama ni kitabu! Habari hiyo hunisikitisha kila niikumbukapo.

Kwa hiyo fundi wa kweli hutegemea jicho. Hutazama gamba, lile tabaka jembamba la nje lililoyeyuka jiwe lilipopita katika hewa yetu, ambalo katika jiwe la Mirihi lililoanguka karibuni hung'aa kama lami mbichi. Hutazama mabonde madogo usoni mwa jiwe, kama alama za vidole gumba katika udongo wa mfinyanzi. Huinua, hupima uzani kwa kiganja, hutazama pale palipovunjika. Na jiwe la Mwezi likiisha kukaa jangwani karne nyingi, mchanga umekwisha kulila gamba lake, na huko ndiko kwenye mtihani mkubwa, kwa kuwa hubaki jiwe la kijivu lenye madoa meupe ambalo kila mpitaji hulipita. Ustadi huu mabedui wa Moroko na wa Sahara yote hawakuusoma chuoni. Waliupata kwa kuijua ardhi yao hata wakajua kila jiwe lililo mwenyeji, na mgeni akionekana hujulikana kama mgeni anavyojulikana kijijini kabla hajasalimu.

Huko Omani, nchi ambayo ukoo wetu mwingi wa Unguja umefungamana nayo, nyanda za Dhofar na Jiddat al-Harasis zimekuwa kama sahani nyeupe iliyoandaliwa kwa ajili ya kazi hii. Mvua ni haba, jiwe haliozi upesi. Ardhi ni chokaa iliyopauka, na kilicho cheusi huonekana toka mbali. Tangu mwaka 2001 wataalamu wa Omani na wa Uswisi wamekuwa wakienda huko pamoja, wakipita polepole kwa magari na kwa miguu, wakiandika mahali pa kila jiwe. Mwezi wa Januari 2002, mahali paitwapo Sayh al Uhaymir, waliokota jiwe la gramu 206, ambalo uchunguzi ulionyesha kuwa limetoka Mwezini, nalo lina wingi wa madini ya thori na potasi kwa kadiri ambayo wataalamu waliweza kulihusisha na pande za lile bonde kubwa la Imbrium, ambalo mtu yeyote huliona kwa macho kama doa jeusi usoni mwa Mwezi. Sheria ya Omani hukataza mawe hayo kutolewa nchini bila ruhusa, nami naiona sheria njema.

Jicho likiisha kusema, maabara huthibitisha. Uwiano wa chuma na manganizi katika jiwe la Mwezi hukaribia 70 kwa moja, katika la Mirihi hukaribia 40; na oksijeni iliyomo katika la Mirihi ina mizani yake mahususi. Jiwe la kwanza kutambuliwa kuwa la Mwezi liliokotwa Antaktika mwezi wa Januari 1982, likalinganishwa na yale yaliyoletwa na wasafiri wa Apollo. Mwaka uliofuata hewa iliyofungiwa katika jiwe jingine la Antaktika ilipimwa ikaonekana kuwa ni hewa ile ile iliyopimwa na vyombo vya Viking vilipotua Mirihi mwaka 1976.

Bei za mawe haya zataka akili tulivu. Mwaka 1993, katika mnada wa Sotheby's mjini New York, chembe tatu za Mwezi zilizoletwa na chombo cha Kisovieti Luna 16 mwaka 1970, ambazo uzito wake wote ni takriban gramu 0.2, zilinunuliwa kwa dola 442,500. Zilipouzwa tena mwaka 2018 zilifika dola 855,000. Mwaka huo huo wa 2018 jiwe la Mwezi lililotoka Sahara, vipande sita vinavyoshikana vyenye uzito wa kilo 5.5, liliuzwa Marekani kwa dola 612,500. Mwenye kugawanya ataona kwamba gramu ya lile la Sahara ilikuwa kama dola 111, na gramu ya chembe za Luna zaidi ya milioni nne, ilhali zote ni ardhi ya Mwezi ule ule! Tofauti yote ni ya uchache na hati: mawe ya Apollo, kilo 382, ni mali ya serikali ya Marekani, hayauzwi, na chembe zile ni miongoni mwa chache mno zilizoletwa na chombo ambazo mtu binafsi angeweza kuzimiliki kwa haki. Mawe ya Sahara yaliyokuwa yakiuzwa maelfu ya dola kwa gramu yameshuka bei kadiri mabedui walivyozidi kuyaokota, na kushuka huko ndiko kulikoniwezesha mimi, mtu wa kipato cha kawaida, kuwa na kibanzi changu.

Tarehe 16 Julai 2011 kimondo kilianguka karibu na Thika, Kenya, watu wakasikia mshindo. Kilikuwa cha aina ya kawaida. Usiku wa tarehe 18, siku mbili tu baadaye, nuru kubwa ilipita juu ya Moroko kusini, na mabedui walioiona walikwenda kutafuta, wakatafuta miezi, hata mwezi wa Oktoba wakaanza kuokota mawe meusi yang'aayo karibu na Tissint. Yalikuwa ya Mirihi. Ni mara ya tano tu watu kuliona jiwe la Mirihi likianguka na kuokotwa, baada ya mawe ya Chassigny mwaka 1815, Shergotty 1865, Nakhla 1911 na Zagami ya Nijeria 1962. Na bei yake ilipanda mara moja hata mamia ya dola kwa gramu. Nawafikiria wale waliotafuta miezi bila kujua watakachokipata.

Mwezi wa Julai 2025 jiwe kubwa kuliko yote ya Mirihi yanayojulikana, kilo 24.67, lililookotwa Niger mwaka 2023, liliuzwa New York kwa dola milioni 5.3 pamoja na gharama za mnada, yaani kama dola 215 kwa gramu, mara mbili ya dhahabu ya siku hizo. Serikali ya Niger ikatangaza uchunguzi wa namna lilivyotoka nchini. Aliyeliokota hakutajwa jina. Katika michoro na hati zote za mnada ule palitajwa uzito, rangi, umri na mahali, na mwenye jicho lililoyatangulia yote akaachwa bila jina; hilo silikubali.

Juzi nilikipeleka kibanzi changu kwa sonara mmoja wa Mji Mkongwe kukipima, kwa kuwa hati yangu ilikuwa imefifia tarakimu. Alifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akakishika kwa kibano kama ashikavyo yakuti, akafunga vioo vya mizani.

"Hiki cha wapi, mzee wangu?" akauliza.

Nikamwambia. Hakucheka wala hakubisha. Alimwita kijana wake azime feni, akakipima tena ingawa tarakimu haikubadilika, gramu 0.38, akakitia chini ya lenzi yake ya jicho moja akakaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua karatasi yake ya stakabadhi, akaandika uzito, na kalamu yake ikasimama mahali pa kuandika aina ya mali.

"Niandike nini hapa?"

"Andika Mwezi," nikasema. Naye akaandika kwa herufi nzuri, akakataa ujira, akanirudishia kijisanduku kwa mikono miwili.