Kila Mmea na Zamu Yake

Njia mbili zilimshinda fisi, walisema wahenga, na mshika mbili moja humponyoka. Methali hizi zimewatia hofu wengi wenye kazi zaidi ya moja mkononi: mwalimu anayeandika riwaya usiku, fundi cherehani anayejifunza uhasibu, karani anayechonga vinyago mwisho wa wiki. Mimi ni mwenzao. Nina hadithi ninazoziandika, kabati ninaloliunda kwa mikono yangu, na daftari la mapishi ya zamani ninalolijaza kwa kuwauliza wazee wa ukoo wetu. Aliyenifundisha kuzilea kazi hizi zote kwa pamoja ni bustani iliyo nyuma ya nyumba, na leo nataka kuusifu ufundi wake.

Bustani haina kazi moja. Uani panaota mchicha, matembele, nyanya, mpapai na mparachichi, na kila kimoja kina umri wake. Mchicha uliosiwa leo huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Nyanya hukaa kitaluni karibu mwezi mzima chini ya kivuli cha makuti, zikahamishwa jioni jua likishapoa, kisha zikangojewa miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mpapai huchukua kiasi cha mwaka. Mparachichi, hata ule wa kubebesha, hutaka miaka mitatu au minne kabla ya kutoa tunda la kwanza.

Ufundi wa mtunza bustani ni kuzijua zamu hizi. Hagawi saa zake sawa kwa sawa. Mchicha mchanga huuangalia kila asubuhi, maana siku moja ya jua kali bila maji inaweza kuumaliza. Nyanya huzitembelea kuzifunga kwenye vijiti na kuyaondoa machipukizi ya kwapani. Mparachichi ulioshika mizizi huupalilia, huutilia samadi iliyooza vizuri, kisha huuacha ukue. Kuuhangaikia kila siku hakutaufanya uzae mapema. Kazi nyingi humwelemea mtu pale anapozidai zote zikue kwa mwendo mmoja.

Wachagga wa miteremko ya Kilimanjaro wameujua ufundi huu kwa karne nyingi. Katika kihamba, shamba linaloizunguka nyumba, miti mirefu hutoa kivuli, migomba husimama chini yake, kahawa chini ya migomba, na karibu na ardhi magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe wa zizini hulishwa majani na migomba iliyokatwa, na samadi yake hurudi shinani. Ndizi hupatikana mwaka mzima, kahawa huja kwa msimu, mbao hungojewa na kizazi kingine. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, penye vihamba hivyo, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Shamba dogo hulisha nyumba kubwa kwa sababu mazao yake yanapeana nafasi.

Nikitazama maisha ya Shaaban Robert (1909–1962) naona mpangilio kama huo. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na katika miaka hiyohiyo aliandika mashairi, insha, riwaya na habari za maisha yake mwenyewe. Ukarani ulilisha nyumba, na vitabu vikapata muda wa kukomaa.

Lakini bustani haifundishi kukumbatia kila kitu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ndiyo maana watu huzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia. Hata hivyo nyingine huota zikiwa zimesongamana, na lazima baadhi zing'olewe. Mpapai una somo kubwa zaidi. Mche wake, ukiwa mdogo, hauonyeshi kama ni jike au dume, kwa hiyo wakulima hupanda miche mitatu katika shimo moja na kungoja maua. Yakitoka, huacha jike moja, na kwa shamba zima hubakiza madume machache tu ya kuchavusha. Ndivyo ninavyoyatunza mawazo mapya. Nayapa nafasi ya kuchanua kwanza, kisha nachagua, na sioni uchungu kuling'oa lile ambalo halitazaa, maana nafasi yake inakwenda kwa jingine.

Na furaha yake? Ipo harufu ya majani ya nyanya inayobaki vidoleni, ipo harufu ya udongo mvua za vuli zinapoanza. Kuna fungu la matembele linalovuka ua kwenda kwa jirani, na bakuli linalorudi na ndimu. Mikono ikiwa katika palizi, akili hupumzika kutoka kwenye karatasi, na mara nyingi sentensi iliyokataa mezani hujileta yenyewe kati ya matuta. Kazi moja hutoa mapumziko kwa nyingine, kama vile kunde zinavyoirudishia ardhi rutuba baada ya mahindi.

Kwa hiyo simshauri mwenye kazi nyingi aziache. Namshauri aulize umri wa kila moja, na asianzishe tatu za miaka mitano kwa wakati mmoja bila hata moja ya mwezi. Siku unapoanza jambo litakalokula miaka yako, liwe kitabu, nyumba au shahada, sia na tuta la mchicha. Moyo unaokula mboga ya mkono wake mwezi huu una nguvu ya kulingoja parachichi.