Tundu la Herufi "e"

Vibao vya kijani vya barabara kuu za Marekani viliandikwa kwa miaka mingi kwa herufi nene, na unene huo ulikuwa na sababu yake. Zamani ndani ya kila herufi vilipachikwa vifungo vya kuakisi, ili usiku vimrudishie dereva mwanga wa taa zake. Herufi nyembamba isingeweza kuvibeba. Baadaye vifungo vikaondolewa, zikaja karatasi zinazong'arisha herufi nzima. Unene ukabaki palepale.

Walioumia zaidi ni wazee. Lenzi ya jicho ikizeeka huingia umanjano na ukungu, na mwanga ukipita humo hutawanyika. Basi mzee akimulika kibao kipya usiku, kila herufi humwonekea imevimba: mwanga unafurika, unaziba matundu, "e" inageuka "o", na "a" inakuwa donge tu. Anapunguza mwendo ili asome. Wa nyuma yake anapiga honi.

Dawa nyepesi ingekuwa kukuza maandishi. Lakini maandishi makubwa yanadai kibao kikubwa, na kibao kikubwa kinadai nguzo na fedha, kwa maelfu ya vibao. Katika miaka ya 1990 wabunifu Don Meeker na James Montalbano, wakishirikiana na watafiti wa usafiri wa Pennsylvania, walishika njia ngumu zaidi. Hawakukimbilia kukuza kibao. Waliushughulikia uwazi uliomo ndani ya herufi. Fonti yao ikaitwa Clearview.

Ukiitazama kwa karibu utaona kazi ilikofanyika. Tundu la "e" limepanuliwa. Tumbo la "a" limepata nafasi ya kupumua. Herufi ndogo zimeinuliwa kidogo zikaribiane na kubwa, na "l" imepindwa mguu isichanganywe na "I". Hakuna pambo hata moja. Kila umbo lilipelekwa uwanjani usiku, madereva wazee wakasogezwa kuelekea kibao hadi waseme wameona nini. Kisha wabunifu wakarudi mezani. Mimi naiheshimu kazi ya namna hii kuliko jengo refu, maana ikifanikiwa hakuna anayeiona. Majaribio ya mwanzo yalionyesha kwamba usiku maneno yalitambulika kutoka mbali zaidi kwa takriban asilimia 16. Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, sekunde moja tu inakula mita 28, kwa hiyo hatua chache za kuona mapema si haba.

Hesabu hiyohiyo imeingia ndani ya gari. Mwaka 2012 maabara ya AgeLab ya MIT, pamoja na kampuni ya fonti ya Monotype, ililinganisha aina mbili za maandishi kwenye skrini ya dashibodi: moja yenye herufi za mraba zilizojifunga, nyingine yenye herufi zilizo wazi. Kwa herufi zilizo wazi, wanaume walitumia muda pungufu kwa asilimia 10 hivi kuitazama skrini. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo. Watengenezaji wa magari wanaopenda herufi za mraba kwa sababu zinaonekana za kisasa ingefaa walikumbuke hilo.

Clearview haikupokewa kwa shangwe tu. Serikali ya Marekani iliiruhusu mwaka 2004, ikafuta ruhusa hiyo mwaka 2016, na mwaka 2018 Bunge likairudisha. Wapinzani walisema sehemu ya sifa zake ilitokana na karatasi mpya za kuakisi, na kwamba kwenye herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi ilifanya vibaya. Hoja ya pili ina uzito. Fonti hii ilichongwa kupambana na mwanga unaofurika kutoka kwenye herufi nyeupe. Herufi ikiwa nyeusi, adui huyo hayupo. Itumike basi pale ilipokusudiwa, nyeupe juu ya kijani, na vibao vya manjano vya tahadhari viachiwe herufi zao za zamani.