Uhamisho wa Seva za Myspace: Walihama Bila Nakala

Machi 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 zilipotea katika kazi ya kuhamisha seva, na watu wengi wakaipokea habari hiyo kama ajali. Haikuwa ajali. Faili inayoweza kupotezwa na uhamisho mmoja ni faili ambayo haikuwa na nakala ya pili mahali pengine, na kukosekana kwa nakala hiyo ni uamuzi wa watu. Kuna aliyeona inatosha kuwa na nakala moja tu ya nyimbo takriban milioni 50 za wasanii milioni 14.

Kazi ya kuhamisha mnaijua. Seva ya zamani unaifunga isipokee kitu kipya, ibaki ya kusomwa tu. Unanakili. Ukimaliza kunakili bado hujahama: unahesabu faili za upande huu na za upande ule, unalinganisha hashi ya kila moja, halafu unateua elfu kadhaa na kuzisikiliza kupitia pleya mpya, kwa sababu hashi inathibitisha tu kwamba ulichobeba ndicho kilichofika, haikuambii kama hifadhidata inajua kimewekwa wapi. Kwa wiki kadhaa wageni wanapita upande mpya huku ule wa zamani ukiwa bado umewashwa. Diski za zamani hufutwa mwisho kabisa, na hata hapo pana nakala nyingine katika jengo jingine. Uhamisho wa namna hii ukivurugika, unachopoteza ni muda. Waliopoteza muziki wa miaka 12 waliruka hatua, na mtu hahitaji kuwa alikuwepo ili alijue hilo: nakala ingekuwepo, ingerejeshwa.

Wanaosingizia gharama nawaomba wapige hesabu pamoja nami. Mkusanyo wa nyimbo za Myspace uliookolewa, ambao nitaurudia, una nyimbo 490,000 ndani ya terabaiti 1.3, yaani chini kidogo ya megabaiti 2.7 kwa wimbo. Zidisha kwa milioni 50, unapata kama terabaiti 133. Mwaka 2016 diski za terabaiti 10 zilikuwa zikiuzwa madukani. Diski 14 zingebeba muziki wote ule, na 28 zingeubeba mara mbili. Hizo ni diski zinazoenea kwenye rafu moja ya ofisi.

Kibaya zaidi, tatizo lilionekana mapema. Nyimbo ziligoma kucheza tangu 2018, na waliouliza waliambiwa kwamba linajulikana na litarekebishwa. Ukweli ulipotoka, ulitoka kama tangazo fupi lenye ushauri kwamba watumiaji watunze nakala zao wenyewe. Ushauri huo anapewa mpiga gitaa aliyerekodi demo yake 2005, akaipakia, kompyuta ikafa, akabaki ameutegemea ukurasa ule.

Wazee wa kampuni hiyohiyo walikuwa na mikono mingine. Mwaka 2005, akaunti zikikaribia milioni tisa, walianza kuuhamisha mtandao kutoka ColdFusion kwenda ASP.NET huku ukiendelea kutumika, wakiwa wameshazigawa akaunti katika hifadhidata za watumiaji milioni moja moja. Kazi safi.

Na walikuwa na moyo. Inasimuliwa kwamba mwanzoni, 2003, watengenezaji walisahau kuzuia HTML kwenye visanduku vya wasifu. Watu walipoanza kubandika CSS yao, mwanzilishi mwenza Tom Anderson na wenzake wakauacha mlango wazi. Hapo ndipo kizazi kizima cha wapenda kompyuta, wengine wakiwa intaneti kafe na dakika zinahesabiwa, kilipojifunza kuandika kodi. Nani kati yenu hakumbuki kuandika "table table table td" ili kugusa kiboksi kimoja cha ndani? Oktoba 2005 mdukuzi Samy Kamkar aliupenya mlango huo kwa kulikata neno "javascript" mistari miwili, na ndani ya saa 20 akawa na marafiki zaidi ya milioni moja. Wahandisi waliziba tundu lile, lakini CSS hawakuwanyang'anya watu. Nalisema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema: hakuna shule ya kodi iliyowahi kuwa karibu na muziki kama ile. Ulifungua ukurasa wa rafiki kwa ajili ya kuchungulia alivyoupaka rangi, wimbo ukaanza kucheza wenyewe, ukaingia kwa bendi, ukaangalia bendi ile imewaweka akina nani kwenye orodha ya marafiki wake wanane bora, ukaenda kwao. Aliyekuonyesha njia alikuwa mwanamuziki mwenyewe, si hesabu ya mashine inayokurudishia ulichokwisha kusikia.

Juni 2013 wamiliki wapya walizifuta kurasa hizo zilizopambwa na kuweka sura moja kwa wote. Nililalamika wakati ule, nikaambiwa ni suala la urembo. Aliyeweza kuifuta kazi ya mikono ya watu bila kutetemeka alikuwa ameshaonyesha nyimbo zao zitatunzwa vipi. Funzo nalo lilikuwepo tangu 2003, tovuti ya muziki ya MP3.com ya zamani ilipozimwa na nyimbo za wasanii wasio na kampuni zikafutwa.

Sasa mkusanyo nilioutaja. Aprili 2019 Internet Archive iliutoa kwa jina la Myspace Dragon Hoard. Ulikusanywa na kikundi cha wanazuoni kati ya 2008 na 2010, kwa ajili ya utafiti wao. Ni kama asilimia moja ya kilichopotea. Arctic Monkeys na Lily Allen hawakuuhitaji; kampuni zao zina kanda. Waliobahatika ni bendi za gereji ambazo majina yao sasa yanatafutwa humo, wimbo mmoja mmoja. Watu wa nje, wasio na ufunguo wala mkataba wowote na wasanii wale, waliutunza muziki huo kwa miaka kama kumi kwenye nafasi inayotosha diski moja ya mezani. Waliokuwa na funguo zote hawakununua diski 14.