Koni ya VLC: sifa zake, na kile inachotufichia

Bandugu, swali lile lile linarudiaka mu makundi yetu: "Nimepakua video, inakataa kufunguka, nitafute kodeki gani?" Jibu linaandikwa hata mwenye kuuliza hajamaliza: weka VLC. Mara nyingi ni jibu la kweli. Lakini leo nataka tuichunguze hiyo VLC yenyewe, kama vile tunachunguzaka mbegu mpya kabla ya kuipeleka kwa wakulima: inafanya nini vizuri, na inashindwa ku udongo gani.

Nianze na sifa, juu zinastahili. VLC haikuzaliwa mu kampuni. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, kule Ufaransa. Walitaka mtandao wa haraka zaidi mu makao yao, na kupitisha video ndani ya ule mtandao njo ilikuwa sababu ya kuwaonyesha wakubwa. (Michezo ya masine nayo ilihusika, wenyewe hawafichi.) Mu 2001 shule ilikubali programu itoke na leseni ya GPL, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani na kuibadilisha bila kulipa. Na ile koni ya rangi ya chungwa? Ni koni za barabarani ambazo wanafunzi walikuwa wanakusanya. Nikifikiria mémoire zetu ngapi zinalala mu kabati za fakilté, naona wivu kidogo.

Siri yake iko hivi. Video ni picha nyingi sana; bila kuzibana, dakika moja tu ingejaza flashi. Kodeki ni ile kanuni ya kubana na ya kufungua tena. Programu nyingi za zamani zilikuwa zinaomba Windows iwape kodeki. Kama Windows haina, picha haitoki. VLC yenyewe inatembea na kodeki zake ndani ya tumbo. Nyingi kati yao zinatoka ku FFmpeg, mradi ambao Fabrice Bellard, Mfaransa mwengine, alianzisha mu 2000. Kwa hiyo tukisifu koni, nusu ya sifa iende kwa FFmpeg, ambayo wengi wetu hatujasikia hata jina.

Wadogo zetu hawakujua wakati wa zamani. Ulikuwa unafungua filme mu Windows Media Player, unapata sauti na giza, ao picha bila sauti. Hapo unaenda kutafuta "paketi ya kodeki". Ile ya K-Lite ilikuwa kazi safi, na mpaka leo ni safi ukiichukua ku chanzo chake. Shida ni zile nakala zilizopita flashi kwa flashi, na kurasa zilizosema "ili kuona video hii, weka kodeki hii". Kuanzia mwisho wa 2005 kulikuwa virusi yenye jina Zlob iliyojivalisha nguo ya kodeki namna ile ile. Mtu anatafuta filme, anaweka kodeki, masine inagonjwa. Kwa hili moja tu, VLC imetuokolea masine nyingi.

Ku telefone, wengi wanapenda MX Player. Inaendeshwa vizuri na kidole, ninakubali. Lakini filme nyingi za mkv zina sauti ya aina ya AC3, EAC3 ao DTS, na MX Player iliondoa hizo juu ya mambo ya leseni. Njo maana picha inatembea na watu wanasogeza midomo kama samaki. Dawa yake ni kuongezea kodeki ya pembeni, faili ambayo lazima ilingane na aina ya prosesa ya telefone yako. Ukikosea aina, haikubali. Kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atafute kama prosesa yake ni ARMv7 ao ARMv8 ili asikie sauti ya filme, hiyo kwangu si msaada. VLC ya Android inasoma zile sauti bila kuuliza kitu.

Halafu kuna Windows 10. Unafungua video ya HEVC, ile wanaita pia H.265, na masine inakupeleka ku duka la Microsoft: nyongeza ya HEVC, dola 0.99. Dola moja tunayo, tena ya karatasi, hata kama mu soko wanaikataa! Kile wengi hatuna ni karte ya benki ya kulipia mu intaneti. Kwa hiyo video inabaki imefungwa mbele ya mtu mwenye pesa mu mfuko. VLC inafungua ile ile bure.

Sasa lawama yangu. VLC inafungua karibu kila kitu, na juu ya hiyo imetufundisha kwamba video ikifunguka kwangu, kazi imeisha. Kwa mtu anayetazama filme usiku, ni kweli. Kwa sisi tunaopeleka mafundisho ku vijiji, ni uongo, hata kama VLC haikukusudia kudanganya.

Chukua video ya dakika kumi juu ya kuchagua miti ya mihogo isiyo na mozaiki. Kuonyesha jani lililojikunja na kubadilika rangi, kando ya jani zima, kunafanya kazi kuliko karatasi tano za maelezo. Agronome anaipakua mu mji, anaitazama mu VLC, safi kabisa. Anaipitisha na Xender mu telefone za wakulima kumi. Telefone tatu zinaonyesha. Nne zinatoa sauti peke yake. Zingine zinaandika kwamba faili haijulikani. Mkulima hatasema "kodeki". Atasema telefone yake ni mubaya, ao yeye hajui kuitumia. Atanyamaza, na mu msimu unaofuata atapanda miti ile ile yenye ugonjwa. Hasara hiyo hakuna mtu ataiandika mu ripoti.

Kwa nini inatokea? Jina la mwisho la faili, .mp4 ao .mkv, ni gunia tu. Ku gunia unaweza kuandika "mihogo", lakini ndani kuna mihogo kavu ao unga, na mwenye hana mashini ya kusaga hatakula ile kavu leo. Ndani ya .mp4 kunaweza kuwa H.264, kodeki ya 2003 ambayo karibu kila telefone ya kugusa inaijua. Kunaweza pia kuwa HEVC ya 2013, ambayo inabana karibu mara mbili zaidi kwa picha ya uzuri sawa, na njo maana watu wanaopakua wanaipenda: mega chache. Lakini hati miliki za HEVC zilisimamiwa na makundi zaidi ya moja, kila mmoja anadai malipo yake, na telefone ya bei ndogo mara nyingi haina chipu ya kuisoma. Ukichota video ku YouTube unaweza kupata VP9 ao AV1. AV1 ilitoka 2018, ni ya bure kwa wote, ninaipenda kimsingi. Ila chipu zinazoijua ziko mu telefone mpya, si zile zinazofika ku soko ya kijiji.

Utaniambia: basi tuweke VLC mu telefone ya mkulima. Mu telefone ya kubonyeza haiingii. Mu telefone ya kugusa ya bei ndogo itaingia, na hapa kuna jambo ambalo koni haisemi kwa sauti. Chipu ikijua kodeki, inafungua video kwa nguvu kidogo. Isipoijua, VLC inalazimisha prosesa ifanye hesabu zote yenyewe. Picha inakatakata, telefone inakuwa moto, batri inashuka. Mahali watu wanalipa kwa kuchaji telefone, video ya bure inageuka video ya kulipia.

Kwa hiyo mwenye kubadilisha faili awe yule mwenye masine na umeme, maana yake sisi. VLC yenyewe inakuonyesha kilicho ndani: mu masine fungua video, ingia ku Outils, halafu Informations sur les codecs (ao Ctrl+J). Ukisoma H264 na sauti MPEG AAC, uko karibu salama. Ukisoma HEVC, VP9 ao AV1, usisambaze bado.

Hapo lawama ya pili. Mu VLC kuna Média, halafu Convertir / Enregistrer, na watu wanaitumia juu iko karibu. Ninaiona sehemu dhaifu kabisa ya programu nzima. Mipangilio imefichwa nyuma ya kifungo kidogo, mstari wa kazi unatembea kama vile video inachezwa, na mara nyingine sauti inaachana na midomo. Kwa kazi hii chukua HandBrake, nayo ya bure: chagua "Fast 480p30", itakupa mp4 yenye H.264 na AAC, tena nyepesi. Na kama ndani tayari ni H.264 na AAC lakini gunia ni mkv, usisumbue masine saa nzima. FFmpeg inabadilisha gunia tu kwa amri moja, ffmpeg -i a.mkv -c copy b.mp4, na inaisha mu sekunde chache bila kupoteza ubora wowote.

WhatsApp nayo tuielewe. Ukituma kama video, inaibana upya yenyewe, picha inaharibika kidogo lakini inafunguka kule inafika. Ukituma kama document, faili inaenda vile ilivyo, na shida yake yote.

Kwa telefone za kubonyeza, gunia ni 3gp, picha ndogo ya H.263 na sauti ya AMR. Haipendezi macho, ila jani la mozaiki linaonekana. Kuna wanaofikiria hayo mapema: Access Agriculture wanatoa video za kilimo mu luga nyingi, Kiswahili ndani yake, na faili ndogo za telefone pamoja na sauti peke yake. Ile sauti inafaa hata ku redio ya kijiji. Mtunzi wa video za mafundisho asiyetoa faili ya namna ile ameacha kazi katikati, hata kama kamera yake ni ya 4K.

Na kabla ya kutoka mu mji, jaribu faili mu telefone ya bei ndogo kuliko zote mu nyumba yenu, bila kuiwekea programu yoyote mpya. Mara nyingi ni ile ya mama ao ya bibi. Ikifunguka pale, beba flashi, uende.