Jiwe Moja Lisitudanganye: Kupima Faida ya Utafiti Mwadui

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wa utafiti na maendeleo pamoja na bajeti yake. Ni hatua njema, kwa kuwa inavipa vyuo vyetu nafasi ya kukaa meza moja na migodi. Lakini bajeti ni gharama, na mkulima wa Kishapu hahesabu mavuno kwa mbegu alizonunua. Faida ya utafiti ni tofauti: kilichopatikana, ukitoa kile ambacho kingepatikana hata bila huo utafiti.

Mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani na Maganzo, unaonyesha kwa nini tofauti hiyo haisomeki kwenye mapato. Tani 100 za mwamba wake hutoa karati zisizofika 10, na karati ni gramu 0.2, hata gramu mbili hazitimii. Mwaka 2021 almasi moja ya waridi ya karati 32.32 iliuzwa dola milioni 13.8. Mwaka wenye bahati hiyo, mradi wowote wa chuo ungeonekana umefaulu. Bei ikianguka, hata mradi bora ungeonekana umeshindwa. Kwa hiyo tupime mtambo unaotenga almasi na kokoto, tusipime mnada. Vipande vidogo vya plastiki vya rangi, vyenye msongamano kama wa almasi, huchanganywa na kokoto zinazoingia mtamboni, kisha huhesabiwa vinakotokea. Tuseme katika kila 100 vilikuwa vikipatikana 94, na baada ya utafiti vikapatikana 98. Hivyo vinne vilivyoongezeka ndivyo kazi ya watafiti, na bahati haina sehemu humo.

Atakayesema Mwadui haina mgodi pacha wa kulinganishwa nao ameshajibiwa: mtambo unalinganishwa na wenyewe, kabla na baada. Hoja nzito zaidi ni ya utafiti ambao faida yake ni jambo lisilotokea. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi huo lilipasuka, tope likavamia mashamba na nyumba za vijiji jirani. Utafiti wa kuimarisha kuta za bwawa hauongezi hata karati moja, ila hasara inayoepukwa nayo huhesabika: orodhesha nyumba, mashamba na visima vilivyo kwenye njia ya tope, vipe thamani, kisha zidisha kwa kiasi ambacho hatari imepungua. Orodha hiyo iandikwe kabla mradi haujaanza. Ukuta ukishapasuka, kinachobaki kuhesabiwa ni fidia.